Dirisha la Kiunoni

Nchi ninayotaka kuisimulia si hii yetu. Nalisema hilo mapema ili tusisumbuane baadaye. Ni nchi nyingine kabisa, yenye wimbo wake wa taifa na mvua zake, na msomaji akiona humu mtu anayefanana na mjomba wake, basi alaumu macho yake au amlaumu mjomba. Mimi simo.

Katika nchi hiyo madirisha yote ya ofisi za serikali yako kiunoni. Mwananchi akisimama wima mbele ya dirisha, karani aliye ndani huona mkanda wa suruali au fundo la kanga, na mwananchi huona ukuta. Ili waonane, sharti mwananchi ainame. Wanaokumbuka husema kwamba jengo la kwanza la serikali lilipojengwa, mkandarasi alikula kozi nne za matofali, yaani mistari minne ya ukuta, na madirisha yakashuka. Waziri alipokwenda kulizindua alilitazama dirisha, akamtazama mkandarasi, ambaye alikuwa shemeji yake, kisha akatangaza mbele ya umati kwamba hivyo hasa ndivyo mababu walivyokuwa wakizungumza na watawala wao. Tangu siku hiyo ikawa mila. Ikapewa jina, Heshima ya Dirisha, ikaingizwa kwenye mtaala, na majengo yote yaliyofuata yakapunguziwa kozi nne bila mtu kuiba chochote.

Huko ndiko alikoishi Fundi Mbaruku, fundi wa dari za jasi. Kwa miaka thelathini alifanya kazi juu ya ngazi, uso umeelekea juu, mikono imeinuliwa, akitengeneza maua na mashada katika vyumba vya watu ambao hawakumjua hata jina. Shingo yake hakuwahi kuifikiria. Nani huifikiria shingo ikiwa nzima? Mkewe, Mwantumu, ndiye aliyemkorogea jasi na kumshikia ngazi, na walibishana kutwa kuhusu uzito wa ule uji, huyu akisema mzito, huyu akisema mwepesi. Ulikuwa ubishi wa watu waliozoeana, hauna mshindi na hakuna aliyetaka uishe.

Ajali ilitokea katika Wiki ya Tahadhari. Idara ya Tahadhari ilikuwa imetoa gari lake jipya lenye vipaza sauti lizunguke mitaani kuwafundisha wananchi kujihadhari na magari. Lilipopita mtaa wa Fundi Mbaruku halikutangaza kitu, kwa kuwa mtangazaji alikuwa na muhogo mdomoni. Muhogo uliposhuka wakakumbuka, wakarudi kinyumenyume kwa kasi ili mtaa ule usikose ujumbe. Fundi alikuwa pembeni, nje kabisa ya barabara, anafunga kamba ya ngazi. Kipaza sauti kikasema, "Mwananchi, tazama nyuma yako." Alikuwa hajamaliza kugeuka.

Askari alifika baada ya saa tatu akiwa na futi ya kuazima kwa fundi cherehani. Alipima mbonyeo wa bampa, akapima mgongo wa Fundi pale pale alipokuwa amelala, akaridhika kwamba vinalingana. Taarifa yake ilikuwa ya mstari mmoja: "Mwananchi aligonga gari la serikali kwa kutumia mgongo." Na kwa sababu gari lenyewe lilikuwa jipya, Fundi alitakiwa kwanza kuandika barua ya kuiomba Idara radhi. Aliiandika akiwa kitandani hospitali, kwa mwandiko unaopanda na kushuka. Idara ilimjibu kwa ungwana mkubwa kwamba imemsamehe.

Daktari aliyempokea alikuwa binti mpole, mgeni kazini, ambaye hakuwa amejifunza bado kuwazungusha wagonjwa. Alimweleza waziwazi. Pingili mbili za shingo zilikuwa zimesogea na kubana mshipa wa fahamu, na mgongo ulikuwa na ufa upande wa chini. Alihitaji kupasuliwa, na upasuaji wa namna hiyo mtu wa kawaida hauwezi, lakini sheria ilisema aliyegonga ndiye mlipaji.

"Nenda ukadai, baba, na usichelewe," alisema. "Vidole vya mkono wa kulia vitaanza kufa ganzi, kimoja kimoja, kuanzia kile cha mwisho. Vikifika vitano, hata tukikupasua havitarudi. Na usiiname. Hata ukiangusha pete, iache."

Akamvisha kola ya shingo, ngumu na nyeupe, na Fundi akatoka hospitali akiwa amenyooka kuliko mtu yeyote katika nchi ile.

*

Fidia za shingo zilikuwa Dirisha Namba Saba. Karani wa hapo aliitwa Bwana Chaurembo, mtumishi wa siku nyingi asiye na baya na mtu. Fundi Mbaruku alisimama mbele ya dirisha, akausalimu ukuta.

"Naona mkanda," ilisema sauti kutoka chini.

Fundi aliueleza ukuta habari yote, gari, muhogo, pingili mbili. Sauti ilimsikiliza hadi mwisho, ikamjibu kwamba maelezo hayo huenda ni ya kweli kabisa, tatizo ni kwamba yametolewa na mkanda, na kanuni zinamtaka karani ahudumie uso. Fundi akasema uso anao, ila shingo ya kuuteremsha ndiyo iliyomleta pale. Sauti ikasema hilo nalo linaeleweka, na angelifurahi sana kuliandika endapo lingesemwa na uso.

Fundi akauliza kama anaweza kupiga magoti. Haiwezekani, kupiga magoti kulipigwa marufuku siku ya uhuru, ni mambo ya kikoloni. Je, kigoda? Kuketi mbele ya dirisha ni dharau. Akauliza, kwa unyonge sasa, kama anaweza kulala sakafuni. Sauti ikamkumbusha kwamba kulala ofisini ni haki ya watumishi tu. Hapo maumivu yakampiga Fundi chini ya kisogo, akaguna. Bwana Chaurembo alianza kusema "po", akajiziba mdomo haraka. Watumishi wa Idara walikuwa wamekatazwa kumpa mtu pole, kwa sababu mwanasheria wa serikali aliwaonya kwamba pole ni kukiri kosa.

Nje ya jengo, chini ya turubai, walikaa wainamaji. Hao walikuwa watu wenye leseni na vitambulisho vya shingoni, kazi yao kuwainamia wengine, wajawazito, wanene, wenye kiburi, na ujira wao ulitegemea muda wa kuinama. Mwantumu aliwauliza bei, akaisikia, akamrudia mumewe.

"Mgongo ninao," alisema. "Mungu hakunipa wa kupambia nguo."

Akajifunga kanga vizuri, akainama kwenye Dirisha Namba Saba, akamtolea Bwana Chaurembo tabasamu la mtu mwenye shida. Sauti ikashusha pumzi kwa raha. Uso umepatikana. Na kwa mara ya kwanza Fundi alisikia kalamu ikiandika.

*

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, lakini hawakusema umngoje mpaka lini. Wiki ya kwanza Mwantumu alitakiwa kuleta uthibitisho kwamba shingo ya mumewe ilikuwepo kabla ya ajali. Akaleta picha yao ya harusi, picha ya pekee waliyokuwa nayo, Fundi akiwa kijana wa suti ya kuazima, amegeuza kichwa kumtazama bibi harusi. Idara ilipendezwa nayo mno. Ilionyesha shingo ikiwa kazini. Wakaigonga muhuri juu ya uso wa bibi harusi, wakaiweka kwenye jalada, na jalada halikuwa na utaratibu wa kurudisha kitu.

Baadaye wakataka mashahidi wawili walioifahamu shingo hiyo kwa muda usiopungua miaka kumi. Kinyozi wake alikwenda, akaapa kwamba ameinyoa nyuma tangu ikiwa haina makunyanzi. Shahidi wa pili alikuwa jirani aliyewahi kumkaba Fundi kwenye ugomvi wa mpaka wa uwanja. Alieleza kwa fahari jinsi ilivyokuwa imara. Ushahidi wake uliandikwa, naye akatozwa faini ya ukabaji.

Mwezi wa tatu kidole cha mwisho kilikufa ganzi. Mwezi wa tano kikafuata cha pete. Fundi hakulalamika sana. Alichukua mkono wake akauweka mapajani, akawa anauangalia kwa pembe ya jicho, kwa kuwa kola haikumruhusu kuuangalia vingine.

Kazi ilibidi iendelee, tumbo halijui habari za majalada. Sasa Mwantumu ndiye aliyepanda ngazi, na Fundi akabaki chini akikoroga jasi kwa mkono wa kushoto. Hakuweza kuinua uso kuona anachokifanya mkewe. Alisikiliza. Jasi ikidondoka tone zito alijua imewekwa nyingi, ikidondoka vumbi alijua imekauka kabla ya kulainishwa. "Kushoto kwako," alisema, "hapo umeparuka." Na Mwantumu juu alishangaa, akapiga tena mwiko pale pale alipoparuka. Jioni alikuwa na mgongo wa kuuma, na asubuhi aliupeleka ukainame dirishani.

Kila alipokwenda, alielezwa kwamba jalada limo njiani. Lilikuwa ghorofa ya pili likisubiri saini. Likashuka ya kwanza kwa sababu wa ghorofa ya pili alikwenda semina ya huduma ya haraka kwa mteja. Likapanda tena. Kwa kweli, laiti Fundi angekuwa jalada, asingehitaji daktari, maana lilikuwa na mazoezi ya kutosha. Mwezi wa nane, kidole cha kati kilikufa. Vikabaki viwili, cha shahada na gumba. Ndipo barua ikaja, ameitwa mbele ya Kamati ya Kuthibitisha Maumivu.

*

Kamati ilikaa chumba cha juu. Fundi alipoingia alisikia mwangwi wa viatu vyake, akakijua chumba. Dari ile aliipiga yeye, miaka kumi na minane iliyopita, duara kubwa katikati lenye maua ya jasi thelathini na mawili, na kila ua na majani yake. Hakuweza kulitazama. Alimwomba Mwantumu amtazamie kama limepasuka. Mwantumu akatazama, akamwambia zima. Hilo lilimfurahisha kwa muda mfupi.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mshindo, mtu mwenye sauti iliyozoea viwanja. Alifungua shauri kwa hotuba, kwa kuwa palikuwa na watu na yeye alikuwa amesimama.

"Ndugu wajumbe, serikali hii ni sikivu," alisema. "Inasikia hata kisichosemwa, na wakati mwingine hicho ndicho inachokisikia vizuri zaidi. Serikali ndiyo kichwa, wananchi ndio shingo. Sasa niwaulize, shingo ikianza kudai fidia, kichwa kitakaa wapi?"

Wajumbe walipiga makofi, wakanywa maji. Kisha katibu akafungua jalada, akasoma. Mlalamikaji, kwa mujibu wa kumbukumbu za Dirisha Namba Saba, alikuwa na uso wa kike, kipini puani, na alikuwa ameinama dirishani mara ishirini na tisa bila kuguna.

Fundi alianza kueleza. Mheshimiwa Mshindo alimnyamazisha kwa kiganja, kwa upole, kama anavyonyamazishwa mtoto msibani. Jambo lilikuwa jepesi, alisema. Ama aliyeinama ni mlalamikaji mwenyewe, na mtu anayeinama mara ishirini na tisa hana ugonjwa wa shingo wala mgongo, fidia ya nini? Ama aliyeinama ni mtu mwingine, mzima wa afya, asiye na leseni ya uinamaji, ambaye ameinamia maumivu yasiyo yake. Hilo ni kosa la kuidanganya serikali. Kifungo chake miezi kumi na minane, na askari alikuwa mlangoni tayari, kwa ajili ya kurahisisha huduma.

Fundi aliuliza, kwa sauti iliyokuwa imechoka kabla hajaifungua, itakuwaje kwa mtu aliyeumia kweli na asiyeweza kuinama. Wajumbe walitazamana. Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa. Katibu akapekua kanuni, akasema kwamba mtu wa namna hiyo hajawahi kufika dirishani, hivyo kitakwimu hayupo.

"Tuambie basi," alisema Mheshimiwa Mshindo. "Nani aliinama?"

Fundi alisimama na kola yake nyeupe. Alifikiri juu ya vidole viwili vilivyobaki. Fundi mwenye vidole viwili na daktari mwema bado anaweza kupona akashika mwiko. Aliupenda mwiko, hilo sitalificha, aliupenda kuliko vitu vingi. Angesema ukweli, jalada lingeendelea kupanda na kushuka, pengine siku moja lingefika, na Mwantumu angekuwa ndani akitwanga kokoto za serikali. Akahisi mkewe amemsogelea. Hakuweza kugeuka amwone.

"Usithubutu," Mwantumu alimnong'oneza. "Sema ni mimi."

"Niliinama mimi," akasema Fundi Mbaruku.

Mjumbe mmoja alitaka kujua kuhusu kipini. Mheshimiwa Mshindo akamjibu kwamba kipini huvaliwa na huvuliwa, tusipoteze muda wa umma. Kisha akamtaka mlalamikaji athibitishe. Avue hiyo kola, maana mbele ya Kamati havaliwi vazi la kuficha ukweli, na ainame.

Mwantumu akapiga ukelele akisema ni yeye, ni yeye aliyeinama, wamchukue. Katibu akamweleza kwamba yeye si mhusika katika shauri hili na hatambuliki, kwa kuwa amesimama wima.

Fundi akavua kola, akampa mkewe aishike. Akainama. Aliinama polepole kwa sababu hakuna namna nyingine aliyoiweza, na Kamati ikaona kuwa hiyo ni adabu. Chini ya kisogo alisikia kitu kikilia, mlio mdogo mkavu, wa jasi inayopasuka ikiwa imekaushwa haraka. Jasho likamtoka. Hakuguna. Angeguna, wangeandika kwamba hakuinama vizuri.

Katibu akaandika: "Mlalamikaji ameinama hadi chini kwa heshima zote. Hana tatizo. Shauri limefungwa."

Walipiga makofi. Walisubiri kidogo ainuke, wakaona hainuki, wakadhani anashukuru. Wakaingia kwenye ajenda ya mengineyo, na chai ikaletwa.

*

Hakuinuka tena. Alitoka katika jengo lile akiwa amepinda, uso umetazama viatu vyake. Kwenye ngazi kidole cha shahada kilikufa ganzi, na walipofika langoni, gumba likawa limekifuata. Mwantumu alimshika mkono wa kulia. Ilimchukua Fundi muda kujua kwamba ameshikwa, kwa sababu aliuona mkono wa mkewe, hakuuhisi.

Wakashika njia ya nyumbani. Mwantumu alikuwa na mengi ya kumwambia, mengine ya hasira, lakini kumsemesha mtu kisogoni hakupendezi. Basi akainama naye, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa, wakawa wanatembea hivyo barabarani katika jua la saa nane, watu wazima wawili.

"Kwa nini, Mbaruku?" aliuliza.

"Miezi kumi na minane," Fundi alisema. "Ningebishana na nani?"

Mwantumu akalia. Alilia bila kujificha, machozi yakidondoka moja kwa moja kwenye lami kwa kuwa ndiko uso wake ulikoelekea.

Mpita njia mmoja akawaona. Akafikiri wamepoteza kitu, na kwa sababu watu wa nchi ile, ukiacha serikali yao, ni watu wema, aliinama awasaidie kutafuta. Mwingine akamwona huyo, naye akainama. Muuza vitunguu akaacha meza yake. Wanafunzi wakaja, wakapangana mstari. Wengine walisema ni hereni, wengine funguo, na mzee mmoja akashikilia kwamba ni jino la dhahabu. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa umeinama, kila mtu akimwuliza mwenzake wanatafuta nini, na katikati yao Fundi Mbaruku na mkewe walipita wakaenda zao nyumbani.

Kesho yake gazeti la serikali, ambalo katika nchi hiyo hubandikwa ukutani sokoni, lilitoka na picha kubwa ya mtaa ule na habari chini yake. Ilieleza jinsi wananchi, bila kushurutishwa na mtu, walivyoinama kwa saa nzima kuishukuru Idara ya Tahadhari kwa kazi yake nzuri.

Fundi alikuwa amefuatana na mkewe kununua mboga. Akaona miguu mingi imesimama mbele ya ukuta, akamwuliza Mwantumu gazeti linasemaje leo. Mwantumu alilisoma lote, toka juu mpaka chini, akalisoma tena.

"Mpira," akamwambia.

Fundi akauliza nani kashinda. Mwantumu akamfuta jasho la shingoni kwa ncha ya kanga, akamwambia wametoka sare.